Kufunga Kazi

Hapa kwetu Mlowo mwezi wa Julai si mwezi wa kukaa bure. Ni msimu wa kahawa katika wilaya yetu ya Mbozi. Asubuhi watu huchuma, alasiri humenya, na giza linapoingia, wakati malori yaendayo Tunduma yananguruma barabarani, mwenye mashine ya mkono ya kumenyea huanza kazi ya mwisho, nayo ni kuiosha mashine. Katika kazi zote za kahawa, hii ndiyo inayochukiwa zaidi. Mtu amechoka, mikono inanata, maji yako mbali. Walakini maganda na punje zilizobaki ndani zikilala usiku mmoja huchacha, na kahawa njema ya kesho ikipita humo huondoka na uchachu usio wake. Anayekuja kuonja kahawa hiyo baada ya miezi kadhaa hatajua ni nani aliyekwenda kulala bila kuosha. Atajua tu kwamba ina kasoro.

Maneno hayo nimewaambia wajukuu wangu mara nyingi, kwa sauti ile ya mwalimu mkuu ambayo haijaniacha ingawa nimestaafu kitambo. Sikutazamia kwamba yangenirudia mimi mwenyewe, tena kwa njia ya kompyuta.

Binti yangu wa tatu anafanya kazi Dar es Salaam, katika shirika moja lenye matawi mikoani. Julai ya mwaka 2023 alikuja likizo. Usiku wa pili simu yake iliita saa kumi alfajiri, nikamsikia akisema, "Imekwama tena?" Nilipoamka kwenda kuwasha moto nilimkuta mezani, kajifunika kitenge, kompyuta iko wazi mbele yake.

"Shikamoo Baba. Nisamehe, nimekuamsha."

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa macho. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna, Baba. Ni programu niliyoiandika mimi. Inafanya kazi usiku mbili tatu, kisha inagoma. Mwezi mzima natafuta kosa silioni."

Mimi ni wa kizazi kilichofundishwa ualimu kwa chaki na ubao. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana, Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine za mwanzo kuleta gharama na matatizo katika hesabu za Serikali. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, lakini kwa watu wa umri wangu kompyuta ilibaki kuwa kitu cha kuwaachia watoto. Hata hivyo mtoto anayehangaika alfajiri ni mtoto anayehangaika, hata awe na watoto wake. Nilivuta kiti nikamwambia, "Nieleze kama unavyomweleza mwanafunzi wa darasa la sita. Huenda ukisema kwa sauti utaliona mwenyewe."

Alianza na jambo ninalolijua. Kila mwaka sisi walimu wakuu tulijaza fomu za takwimu: wavulana wangapi, wasichana wangapi, madawati mangapi. Mmoja aliandika darasa kwa tarakimu, mwingine kwa maneno; mmoja alianza tarehe kwa siku, mwingine kwa mwaka. Karani wa wilaya aliketi na fomu hizo, akazigeuza zote ziwe za namna moja, kisha akajumlisha. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu za kuunganisha data. Tuchukue mathalani takwimu za zahanati zetu, ambazo miaka ya 1990 zilikuwa zikijumlishwa kwa mkono kutoka vitabu vya MTUHA. Kuanzia takriban mwaka 2013 zimekuwa zikikusanywa nchi nzima katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Shirika la binti yangu hufanya jambo la jinsi hiyo kwa matawi yake: kila usiku data za matawi huvutwa, zikageuzwa, zikawekwa ghala moja.

Programu wanayoitumia inaitwa PowerCenter, ya kampuni ya Informatica ya Marekani. Ina njia zake za kawaida za kugeuza data, kama vile kuchuja, kupanga na kujumlisha. Pale ambapo njia hizo hazitoshi, fundi huruhusiwa kuandika mgeuzo wake mwenyewe kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Hapo ndipo binti yangu alipotia mkono wake.

"Mgeuzo huu, Baba, hauandikwi kama insha moja ndefu," alisema. "Una fanksheni, yaani vijisehemu vya programu, kila kimoja kina wajibu wake na wakati wake wa kuitwa. Kwanza huitwa za kufungulia. Halafu huitwa za kazi yenyewe, data zinapopita. Mwisho huitwa za kufungia."

Akachukua kalamu akanichorea. Za kufungulia ziko ngazi tatu. Ya kwanza ni ya moduli nzima, yaani lile kasha linalobeba migeuzo yote. Ya pili ni ya kila mgeuzo ndani ya kasha. Ya tatu ni ya kila kipande, maana data zikiwa nyingi hugawanywa vipande viende sambamba, kama walimu wanne wanaosahihisha mtihani mmoja. Za kufungia nazo ni ngazi tatu zilezile, ila huitwa kwa kurudi nyuma: vipande kwanza, kisha mgeuzo, na moduli mwisho.

"Hilo nalijua," nilimwambia. "Asubuhi nilifungua lango la shule, halafu mlango wa ofisi, halafu madarasa. Jioni nilianza na madarasa, nikaja ofisi, nikamaliza na lango. Ukianza na lango umejifungia nje, na madirisha ya darasa la tatu yako wazi."

"Ndivyo hivyo, Baba."

"Lakini kwa nini mashine isijifagilie yenyewe?"

Alifikiri kidogo. Akaniambia kwamba kuna vitu viwili. Nafasi ya kumbukumbu ambayo programu huiazima wakati inafanya kazi, programu ikifa kompyuta huichukua tena yenyewe. Hiyo ni kama chaki ubaoni, mvua ikivuja itaiosha. Lakini faili lililoandikwa kwenye diski hubaki pale mpaka mtu alifute, kama wino katika rejista. Mgeuzo wake ulikuwa ukiandika faili la muda kwenye diski, pamoja na faili jingine dogo la alama, lenye maana ya kusema, "Nimo ndani, asiingie mwingine." Aliweka alama hiyo ili kazi mbili zisije zikaingia mahali pamoja na kuharibu hesabu.

"Na alama hiyo unaiondoa wapi?" nilimwuliza.

Alinionyesha kwa kidole, kisha kidole kikasimama hapo hapo kwenye kioo.

"Nimeiweka mwishoni mwa kazi," alisema polepole. "Rekodi ya mwisho ikipita salama, faili la muda linafutwa na alama inaondolewa. Lakini usiku ambao mtandao wa tawi unapotea katikati, rekodi ya mwisho haifiki kamwe. Basi usafi hauitwi. Alama inabaki. Kesho yake kazi inaanza, inaona alama, inadhani kuna mwenzake ndani, inakataa kuingia."

"Kwa hiyo usiku inapogoma..."

"Usiku ule hauna kosa lolote. Kosa ni la usiku uliotangulia, ambao nilikwisha kuusahau kwa sababu sababu yake ilijulikana, mtandao. Mwezi mzima nimekuwa nikipekua usiku usiohusika."

Akaanza kuhamisha maandishi yake. Usafi aliutoa kwenye fanksheni ya kazi, akauingiza kwenye fanksheni ya kufungia. Nilimwuliza kuna tofauti gani, kwani kote ni mwisho. Jibu lake, ndugu msomaji, ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisema kwamba PowerCenter inapoita fanksheni ya kufungia mgeuzo, na ile ya kufungia moduli, huipa taarifa moja mkononi: hali ya kazi. Imefaulu, au imeshindwa. Maana yake ni kwamba walioitengeneza walijua tangu mwanzo kuwa kufunga kutahitajika hata pale kazi iliposhindwa. Kazi ikifaulu, futa faili la muda na uondoe alama. Ikishindwa, liache faili ili asubuhi mtu aone ilipokatikia, andika katika kumbukumbu nini kimetokea, na alama uiondoe vilevile.

"Kwa hiyo kushindwa hakumwondolei mtu wajibu wa kufunga," nilisema.

"Hakumwondolei. Tena siku ya kushindwa ndiyo siku inayoacha uchafu, Baba. Ile ya kufaulu haina mengi ya kufagia." Kisha akaongeza, maana ni mtu mwangalifu, kwamba hata hiyo si kinga kamili. Umeme ukikatika na seva ikazimika ghafla, hakuna fanksheni ya kufungia itakayoitwa. Kwa ajili ya siku kama hiyo, anayefungua naye hana budi kuchunguza: alama hii ni ya lini, na mwenyewe bado yu hai?

Kulipokucha aliijaribu. Aliianzisha kazi katika mashine yao ya majaribio, akaikata makusudi katikati. Tukatazama. Alama haikuwapo. Akaianzisha tena, ikaingia bila ubishi. Alicheka kwa furaha, akaenda kulala. Mimi nilibaki pale mezani na chai yangu, nikaiacha ikapoa.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi mbali na hapa, ambayo sitaitaja jina. Ilikuwa mojawapo ya shule zilizofunguliwa kwa haraka baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Nia ilikuwa njema, na watoto walikuja kwa wingi kuliko madawati na kuliko walimu. Nilifika pale na matumaini makubwa. Katika mwaka wa mwisho upepo uliezua paa la madarasa mawili, na matokeo ya darasa la saba yalipotoka hakuna mtoto wetu hata mmoja aliyechaguliwa kwenda sekondari. Katika mkutano wa wazazi mzee mmoja alisimama akaniuliza mbele ya watu kama mshahara wangu nilikuwa naupokea kwa kazi gani. Sikuwa na jibu.

Mwezi wa Aprili ilikuja barua ya uhamisho. Nilitakiwa kuripoti kituo kipya baada ya siku kumi. Zilitosha kabisa kufanya makabidhiano: kuhesabu mali ya shule, kufunga rejista za mahudhurio, kuandika kitabu cha matukio, kumaliza barua zilizokuwa mezani. Niliondoka siku ya nne. Funguo nilimwachia mwalimu msaidizi, nikamwambia mengine atayaona humo humo. Nilijiambia kwamba shule imekwisha haribika na makabidhiano yasingeitengeneza. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mtu aliyeshindwa hapendi kuhesabu vitu mbele ya mwenzake na kutia sahihi.

Katika mtoto wa meza niliacha barua za uhamisho wa wanafunzi ambao wazazi wao walikuwa wakihama. Zilikuwa zimeandikwa. Zilikuwa zinasubiri sahihi yangu na mhuri.

Mwaka 2019, katika soko letu la Mlowo, mama mmoja muuza maharage alinyanyuka kwenye gunia lake akanisalimu, "Shikamoo Mwalimu." Nilimwitikia, lakini sikumtambua. Akanikumbusha shule, akanikumbusha alipokuwa akikaa darasani, karibu na dirisha lisilo na ubao. Nilimwuliza aliishia wapi na masomo. Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja bei, kwamba mwaka ule alikuwa darasa la saba na wazazi wake walihamia upande huu. Shule mpya ilimkataa kwa kuwa hakuwa na barua. Baba yake alirudi mara mbili kuifuata. Mara ya pili alimkuta mwalimu mkuu mgeni asiyemjua mtoto, na katika rejista binti yake alikwisha andikwa mtoro. "Nilisubiri barua mpaka mtihani ukapita," alisema.

Nilimjibu nini? Nilisema, "Pole sana mama, ndivyo mambo yalivyokuwa zamani." Nikanunua kilo mbili za maharage nikaenda zangu. Sikumwambia kwamba barua yake ilikuwapo, na ilikuwa katika meza yangu.

Kwa miaka minne tangu siku ile nilikuwa na maelezo yangu. Mwalimu aliyenifuata angeweza kufungua mtoto wa meza. Angeweza kumwuliza baba wa mtoto kabla ya kuandika neno mtoro. Ni kweli, kama alivyosema binti yangu, anayefungua naye hana budi kuchunguza. Lakini yule mgeni alikuta alama aliyoiacha mtu mwingine, naye akaisoma ilivyoandikwa: jina liko katika rejista, mtoto hayupo darasani, hakuna barua. Kwa kanuni za kazi yetu, huyo ni mtoro. Umeme haukukatika siku nilipoondoka. Nilikuwa na siku sita zaidi, na kalamu mfukoni.

Wiki ile ile nilipanda basi kwenda katika shule hiyo. Mwalimu mkuu wa sasa ni kijana ambaye mwaka 1984 hakuwa amezaliwa. Alinipokea kwa heshima, akanifungulia stoo. Mchwa walikuwa wamekula mengi, lakini rejista ya mwaka ule ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Katika ukurasa wa darasa la saba mwandiko wangu unakoma katikati ya Aprili, bila jumla na bila sahihi. Unaofuata ni mwandiko wa mtu mwingine. Yapo majina matatu yaliyopigwa mstari wa wino mwekundu, na mbele ya kila moja neno lile lile: mtoro. Barua zenyewe hazikuwapo, wala sikutegemea kuziona.

Sikugusa rejista. Hati ya shule hairekebishwi na mtu aliyestaafu, na kufuta kilichoandikwa kungekuwa kosa la pili. Nilimwomba mwalimu mkuu karatasi, nikakaa katika ofisi iliyokuwa yangu, nikaandika kwamba mimi niliyekuwa mwalimu mkuu wa shule hii nathibitisha kuwa mwanafunzi huyu hakutoroka. Kwamba mzazi wake aliomba uhamisho kwa utaratibu unaotakiwa. Na kwamba barua haikutolewa kwa uzembe wangu. Nikaweka tarehe ya siku ile ile ya Julai 2023, si ya zamani. Nilitia sahihi. Nakala moja nilimwachia yeye aifungie katika jalada.

Siku ya soko nilimpelekea yule mama barua yake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona kuwa ninastahili kukaa. Aliifungua, akaisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya mstari. Wateja wawili walikuja wakangoja.

"Mwalimu," alisema, "sasa mimi nihamie wapi?"

Sikuwa na jibu, kama nilivyokosa jibu katika ule mkutano wa wazazi. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira na si kwa huruma. Kisha aliikunja barua mara mbili, akaifunga katika pindo la kanga.

"Nitawaonyesha watoto," alisema. "Wao wanajua mama yao alitoroka shule. Nikiwafokea kwa utoro walikuwa wakinirudishia hilo." Halafu akawageukia wale wateja wawili, akawapimia maharage yao.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Jioni ile wajukuu walikuwa wamemaliza kumenya, na mmoja alikuwa anainyemelea njia ya kwenda kulala. Nilimwita, tukaiosha mashine pamoja.

Majina yalikuwa matatu. Huyo ni mmoja. Wengine wawili, mvulana na msichana, nimeuliza habari zao Vwawa, nimeuliza Tunduma, nimewauliza wazee wa kijiji kile waliosalia. Yasemekana mmoja alivuka mpaka kwenda Zambia zamani sana. Barua zao nimekwisha kuziandika na kuzitia sahihi. Ziko kabatini, katika bahasha mbili, na binti yangu anajua zilipo na ni za nani, endapo nitaondoka kabla hazijafika.